Filamu Imekwisha, Sasa Nani Apigwe?

Raoul Peck hana huruma na mtazamaji wake. Filamu yake ya Lumumba, juu ya waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, iliyotoka mwaka 2000, inampeleka moja kwa moja kwenye usiku wa Katanga: Wazungu wawili wanafukua maiti, wanazikatakata na kuziteketeza ili pasibaki hata mfupa wa kuzika. Kisha sauti ya marehemu mwenyewe inaanza kusimulia maisha yake. Mwisho umejulikana kabla ya mwanzo, na kwa karibu saa mbili unamtazama mtu anayetembea kuelekea usiku ule ule, huna la kumsaidia. Peck ni Mhaiti aliyeishi Kongo utotoni, baba yake alipokwenda kufanya kazi huko baada ya uhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa ameshatengeneza filamu ya hali halisi juu ya mtu huyo huyo. Safari ya pili alichukua waigizaji, Eriq Ebouaney akawa Lumumba, na mwigizaji mzuri huumiza kuliko picha kumi za makavazi.

Mjini Bujumbura filamu hii haitazamwi kama habari ya mbali. Uvira iko pale ng'ambo ya mpaka, milima yake inaonekana kutoka ufukweni. Kuna nyumba za Buyenzi na Bwiza ambazo babu alitoka Kasongo, bibi akatoka Ujiji, watoto wakazaliwa hapa, na Kiswahili ndicho kilichowaweka wote chini ya paa moja. Mkongo hapa ni shemeji, ni mpangaji, ni mwimbaji wa harusi, ni mtu anayekudai. Kwa hiyo Lumumba akipigwa kwenye skrini, anayepigwa ni jamaa.

Nitamzungumzia kijana mmoja wa Buyenzi. Nimemuunga kutokana na vijana kadhaa, kwa hiyo hana jina, na asitafutwe. Ni fundi simu, ana meza yake kando ya barabara, na jioni moja baada ya kufunga kazi alikaa na wenzake kuitazama filamu ya Lumumba kwenye kompyuta ya mmoja wao. Filamu iko kwa Kifaransa, na Kifaransa cha shule hakimtoshi kila mtu, basi yule anayekimudu akawa mtafsiri. Watafsiri wa namna hii tunawafahamu. Wanaongeza chumvi, wanatangulia tukio, wanatukana kwa niaba ya shujaa.

Ilipofika tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wa Kongo, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji akasimama Léopoldville kumsifu Leopold wa Pili, watazamaji wakasonya. Lumumba, ambaye hakuwa kwenye ratiba ya wasemaji, akasimama akamjibu kwa kutaja kazi za shuruti, matusi na viboko vya asubuhi, mchana na jioni. Hapo mtafsiri akarusha mkono juu: "Sisi si nyani wenu tena!" Wote wakapiga makofi. Maneno hayo yanajulikana Afrika nzima, yamechapishwa kwenye fulana, na hayamo katika hotuba ile kama ilivyorekodiwa na kuandikwa. Alichokisema Lumumba kilikuwa kikali zaidi kwa sababu kilikuwa orodha ya mambo yaliyotendeka, kimoja baada ya kingine, mbele ya wahusika. Lakini orodha haishangiliwi.

Hasira ya fundi wetu ilipanda ngazi. Kwanza iliwapata Wabelgiji. Halafu ikampata Mobutu, na hiyo ilikuwa kali zaidi, maana Mobutu alikuwa mwandani wa Lumumba, alikula naye, Lumumba mwenyewe akampa cheo jeshini. Halafu ikawapata Rais Kasavubu na Tshombe wa Katanga. Taa zilipowashwa alikuwa bado hajashiba. Ndipo mmoja akauliza swali ambalo kwa Bujumbura lazima liulizwe baada ya filamu hiyo.

"Na huyu wetu, Rwagasore, nani alimuua?"

Fundi hakungoja mwenye kujua. Alitaja aina ya watu. Hakutaja mtu, alitaja watu: wale ambao wajukuu wao wanapanda basi moja naye na kumletea simu zao zilizovunjika vioo. Sitaiandika aina yenyewe, kwa sababu nimesikia jibu hilo likitolewa kwa pande zote mbili, kila msemaji akielekeza kidole upande usio wake. Usiku ule alirekodi maneno yake akayatuma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, yakiwa na picha ya Rwagasore juu. Kulipokucha yalikuwa yamefika mbali. Mama mmoja aliyekuwa mteja wake wa miaka akapeleka simu kwa fundi mwingine bila kusema neno. Mke wa mjomba wake, ambaye ni wa hao hao "wale", alikuja kuchukua sufuria yake aliyomwazima mama wa fundi, na hakuketi.

Hilo ndilo lililompata yeye, na tukubaliane kwamba ni dogo. Nitaeleza kwa nini lingeweza kuwa kubwa. Ila kwanza nimtetee kidogo, kwa sababu watu wazima wanapenda kuwalaumu vijana kwa kukasirika.

Kukasirika kulikuwa haki yake. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, karibu na Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mbele ya mawaziri wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Gerard Soete, polisi wa Kibelgiji, aliyeyusha mabaki yao, na jino lililobaki la Lumumba lilikaa Ubelgiji hadi Juni 2022 liliporudishwa kwa familia na kuzikwa Kinshasa. Mtu akitazama haya akatoka akiuliza bei ya mkate, ana kasoro. Mashaka yangu yako kwingine: hasira ilizaliwa kwa kisa cha Kongo, na kabla ya saa moja kupita ilikuwa imeshampata jirani wa Burundi.

Filamu ya kihistoria inasaidia jambo hilo litokee bila kukusudia. Lazima ifupishe. Mikutano ishirini inakuwa mmoja, watu sita wanakuwa mhusika mmoja mwenye sura mbaya. Ya Peck ni ya uaminifu kuliko nyingi, na bado ina mahali inapobishaniwa. Yumo mhusika mwenye jina la Frank Carlucci, ofisa kijana wa ubalozi wa Marekani mjini Léopoldville, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Katika filamu yumo kwenye kikao ambacho hatima ya Lumumba inajadiliwa. Carlucci mwenyewe alikana kuhusika, mawakili wakaingia kati, na filamu ilipoonyeshwa kwenye televisheni Marekani jina lake lilifunikwa kwa mlio. Kwa hiyo wako waliolisikia jina na wako waliosikia mlio, na kila mmoja anadhani ameiona filamu kamili. Hata mandhari si ya Kongo: Kongo ilikuwa vitani, na kamera zilipelekwa Zimbabwe na Msumbiji. (Afadhali hii kuliko filamu za Idi Amin. Yule daktari kijana wa Kiskoti katika The Last King of Scotland hakuwahi kuwapo duniani, na watu wengi wa rika langu wakimtaja Amin wanaona uso wa Joseph Olita, mwigizaji wa Kenya, katika filamu ya mwaka 1981.)

Fundi wetu angeweza kupewa jambo moja la kweli la kumrudisha nyumbani kwa njia iliyo sawa. Mwanzoni mwa Januari 1961, wiki mbili hivi kabla Lumumba hajauawa, askari wa Mobutu walitua kwenye uwanja wa ndege wa Usumbura, yaani hapa hapa Bujumbura, wakapitishwa na utawala wa Kibelgiji hadi mpakani ili waiteke Bukavu, iliyokuwa mikononi mwa wafuasi wa Lumumba. Shambulio lilishindwa, na suala likafika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi huo huo. Mji huu ulikuwa ndani ya kisa cha Lumumba kama njia ya kupita adui zake. Aliyetoa ruhusa alikuwa na ofisi, cheo na sahihi. Ukianzia hapo, unajifunza kuuliza juu ya ofisi na sahihi. Ukianzia kwenye "wale", huulizi tena kitu.

Sasa tuje kwa Rwagasore, maana wengi wetu tunamjua kama barabara, kliniki na noti, na kaburi lake la pale mlimani Vugizo tunaliona tukiinua macho kutoka mjini.

Louis Rwagasore alizaliwa mwaka 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Ubelgiji, akarudi, na mwaka 1957 akaanzisha ushirika wa wafanyabiashara na walaji. Waswahili wafanyabiashara wa Usumbura walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kusimama naye. Buyenzi inalikumbuka hilo kwa fahari, na ina haki. Ushirika ule ulizama katika madeni, lakini mtandao wa watu ulibaki na ukakijenga chama cha UPRONA. Mwaka 1959 alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, Mhutu. Yeye mwenyewe alikuwa Muganwa, wa ukoo wa kifalme, ambao kwa desturi hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Ndani ya chama chake walikaa wote. Wabelgiji hawakumpenda: mwishoni mwa 1960, wakati wa uchaguzi wa mitaa, walimzuia asitoke Bururi. Wakasimamia kwa furaha ushindi wa chama cha PDC, wapinzani wake. Lakini tarehe 18 Septemba 1961, kwenye uchaguzi wa bunge chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64.

Akawa waziri mkuu. Tarehe 13 Oktoba 1961, usiku, alikuwa akila chakula kwenye hoteli ya Tanganyika, kando ya ziwa. Mgiriki mmoja, Jean Kageorgis, akampiga risasi kutoka gizani. Rwagasore alikuwa na miaka 29 na alikuwa kazini kwa wiki mbili.

Nani alimuua? Hapa ndipo pa kwenda polepole, kwa sababu kuna majibu ya mahakama na kuna majibu ya midomo. Kageorgis na wenzake walikamatwa ndani ya siku chache. Waliotajwa kuwa nyuma yake walikuwa viongozi wa PDC, wakiongozwa na Jean-Baptiste Ntidendereza na ndugu yake Joseph Biroli, watoto wa chifu Baranyanka. Ukoo wao ulikuwa wa Abatare, tawi la Waganwa lililoshindana tangu zamani na Abezi, tawi la Mwambutsa. Kageorgis aliuawa na dola tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru, Ubelgiji ikiwa bado ndiyo mwenye nchi. Baada ya uhuru Burundi iliwashtaki upya wengine, na tarehe 15 Januari 1963 watano walinyongwa hadharani Gitega, Ntidendereza na Biroli wakiwamo. Kuhusu mkono wa Ubelgiji, mjadala haujafungwa. Mwandishi wa habari wa Kibelgiji Guy Poppe alichapisha kitabu juu ya mauaji hayo mwaka 2011 akimwita Rwagasore Lumumba wa Burundi. Ludo De Witte, yule yule ambaye kitabu chake juu ya Lumumba kililifanya bunge la Ubelgiji liunde tume ya uchunguzi, aliandika cha kwake juu ya Rwagasore mwaka 2021. Wote wawili wanawaelekezea macho wakuu wa utawala wa Kibelgiji wa Usumbura, na hasa rezidenti Roberto Régnier.

Soma orodha hiyo tena uone ni nani ndani yake. Mgiriki. Waganwa. Wanasiasa wa chama kimoja. Maofisa wa Kibelgiji. Mtu akitaka kuwagawa kwa Uhutu na Ututsi itabidi akunje historia mpaka ivunjike. Hata ukoo hausaidii. André Muhirwa, aliyemrithi Rwagasore uwaziri mkuu, alikuwa shemeji yake, mume wa binti wa Mwambutsa, na ukoo wake ulikuwa Abatare, ukoo ule ule wa Ntidendereza. Angehukumiwa kwa ukoo, mrithi wa marehemu angeingia kizimbani na wauaji.

Vijana wa mwaka 1961 hawakuhitaji filamu. Walikuwa wameona jeneza. Kwa jina la marehemu iliundwa Jeunesse Nationaliste Rwagasore, JNR, vijana wa chama, wengi wao wakiwa hawajafika umri aliokufa nao shujaa wao. Nawaelewa. Walimpenda kwa kweli, walikuwa na uchungu, na walikuwa na nguvu. Mwezi Januari 1962, miezi mitatu baada ya mazishi, waliingia Kamenge, kaskazini mwa mji huu huu. Waliwashambulia viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wanasiasa Wahutu, ambao waliwaona kuwa maadui wa chama. Nyumba zilichomwa. Watu waliuawa.

Wakati huo Kageorgis alikuwa gerezani. Ntidendereza alikuwa gerezani. Waliouawa Kamenge hawakuwa kwenye hoteli ya Tanganyika, hawakumlipa Mgiriki yeyote, hawakushtakiwa na mahakama yoyote kwa kifo kile. Walikuwa karibu, basi. Kamenge ni mwendo wa baiskeli kutoka katikati ya mji, na Brussels iko mbali. Mara nyingi hasira ya watu wengi humpata anayefikika, na siku zote atapatikana mtu wa kueleza baadaye kwa nini alistahili.

Kilichofuata kinajulikana, nitakipitia haraka. UPRONA, chama kilichowaweka watu wote pamoja, kikapasuka ndani kwa ndani, na upasukaji ukafuata mstari ule ambao Rwagasore alikuwa amejaribu kuufuta kwa chama chake na kwa ndoa yake. Pierre Ngendandumwe, waziri mkuu, akauawa tarehe 15 Januari 1965. Joseph Bamina, naye aliyewahi kushika wadhifa huo, akauawa Desemba mwaka huo huo. Paul Mirerekano, mmoja wa watu wa karibu wa Rwagasore katika chama, alikuwa amekwisha kuuawa Oktoba. Vijana wenye jina la shujaa hawakuvunjwa. Chini ya Rais Micombero wakawa Jeunesse Révolutionnaire Rwagasore, JRR. Mwaka 1972, baada ya uasi wa tarehe 29 Aprili kusini mwa nchi, ambao nao uliua watu wengi wasio na hatia, serikali ililipiza kwa kuwasaka Wahutu wenye elimu na wenye mali nchi nzima. JRR walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwatoa watu majumbani. Waliokufa mwaka ule wanakadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tatu.

Jina la mume wa Marie-Rose Ntamikevyo lilikuwa kwenye kadi za vijana hao.

Simwambii fundi wetu kwamba ujumbe wake wa WhatsApp ni sawa na mwaka 1972. Ningemwonea, na angeacha kunisikiliza, na angekuwa na haki. Ninachomwambia ni kwamba vijana wa JNR nao hawakuanza na 1972. Walianza na jioni kama yake: kuna kifo cha kweli, kuna mtu mwema kweli, kuna mwenzao anayetafsiri kwa kuongeza chumvi, na kuna jibu fupi kwa swali refu. Hakuna aliyewauliza wanajuaje. Walipoanza kuulizwa, wengi wao walikuwa na la kuficha.

Naona pia kosa letu sisi watu wazima, kubwa kuliko lake. Fundi na wenzake walipoulizana nani alimuua Rwagasore, hakuna aliyekuwa na jibu la dakika kumi lenye majina, tarehe na mahakama. Shuleni alifundishwa kuimba juu ya Rwagasore. Tarehe 13 Oktoba kila mwaka anaona mashada ya maua na misafara ya magari. Redio inamwambia alikuwa shujaa, na kweli alikuwa. Hakuna anayemweleza ushirika ulifilisika vipi, Mirerekano alikuwa nani, kwa nini Muhirwa alikuwa wa ukoo ule ule wa mshtakiwa mkuu. Mwaka 2012 ilitoka filamu ya hali halisi juu ya Rwagasore, Rwagasore: vie, combat, espoir, ya Justine Bitagoye na Pascal Capitolin. Ni vijana wangapi wa Buyenzi, Kamenge au Kinama waliokwisha kuiona? Lumumba wa Peck wanamjua. Wetu wanamjua kwa sanamu. Nchi ambayo filamu yake ndefu ya kwanza ya hadithi, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ilitoka mwaka 1992, na ambayo Ngabo huyo huyo alikuja kuianzishia tamasha la filamu la kimataifa, haiwezi kusema haina watu wa kazi hiyo.

Nilisema mahali inapobishaniwa filamu ya Peck. Niseme na mahali inapowazidi watazamaji wake. Haitupi kabila la kuchukia. Mobutu wake, aliyeigizwa na Alex Descas, ni rafiki anayebadilika kidogo kidogo, kila hatua akiwa na sababu yake, mpaka siku anayoshika bunduki zote. Tshombe ana mali za Katanga za kulinda na wenye migodi nyuma yake. Wabelgiji wana barua za kuandika na wakubwa wa kuwaridhisha. Kila mmoja ana kazi yake katika kuua, na Peck ana subira ya kukuonyesha kazi hiyo. Fundi wetu aliitazama filamu yenye maswali haya yote, akatoka nayo na jibu ambalo halimo ndani yake. Alikuwa nalo mfukoni kabla hajaketi. Filamu ilimpa joto tu.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema filamu kama hizi zisionyeshwe mitaani kwa sababu "zinachochea". Nimeisikia hoja hiyo kwa watu wenye nia njema, na kwa watu wenye la kuficha pia. Bila filamu, kijana yule angebaki na jibu lile lile mfukoni, baridi, akisubiri siku nyingine na mchochezi mwingine aliye hodari kuliko kompyuta ya rafiki yake. Ionyeshwe. Ionyeshwe na ya Rwagasore siku inayofuata. Anayeonyesha asiwaache watu waondoke taa zikiwaka tu. Awepo mtu mwenye majina na tarehe, avumilie maswali, na akiulizwa nani alimuua, ajibu kwa majina ya watu. Mtu akijibu kwa jina la kabila au la ukoo, aulizwe pale pale mbele ya wenzake: yupi? Alifanya nini? Tarehe gani? Nani alimwona?

Fundi wetu, kwa taarifa yenu, aliufuta ujumbe wake baada ya siku chache. Mjomba alikwenda kumwomba radhi mkewe kwa niaba ya ukoo. Mteja aliyehama hajarudi.

Na ombi langu la mwisho linakwenda kwa wazee wa Buyenzi, Bwiza na Kamenge. Aliyekuwa na miaka 15 siku Rwagasore alipopigwa risasi leo amevuka 75, na wengi waliokuwapo wamekwisha kutangulia. Mliuona ushirika, mliwaona vijana wa JNR wakipita na nyimbo zao, wengine mliwaficha watu uani Januari ile ya 1962. Wajukuu wenu wana simu zinazorekodi. Kaeni nao, semeni mlichokiona kwa macho yenu kwa majina na mahali, na pale msipojua, mwambieni mtoto kwamba hapo hamjui.